Majiko Kumi na Tisa, Karatasi Moja

Mwayuma,

Kuna sauti moja ambayo imekaa nami miaka miwili sasa. Ni mwiko unaokwangua sufuria. Unaijua: ule mkwaruzo wa mwisho, bukari ikishaiva, mama anapokusanya iliyoshika pembeni. Hapa kwetu Baraka majiko yote yanatoa sauti hiyo jua linapozama, na hakuna anayeisikia kwa sababu ni ya kila mtu. Siku moja niliisikia ikitoka jikoni kwa Bibi Wabiwa, kavu mno, ndefu mno, nikajua kwamba ndani ya sufuria ile hamkuwa na unga. Alikuwa anakwangua chuma kitupu ili majirani wasikie kwamba naye anapika.

Kesho unavuka ziwa. Sitakuandikia habari za nguo, wala za kuogelea, wala za kumwamkia nani kwanza. Shangazi yako atakuambia hayo kabla hujaweka mfuko chini, unamjua. Nataka kukuambia jambo ambalo nimelizungukazunguka tangu likizo ianze.

Nimekuambia unakwenda Kigoma kwa ajili ya shule. Ni kweli, ila si kweli yote. Kuna karatasi za serikali nilizotakiwa kuzitia sahihi kabla ya wiki hii kwisha. Nikizitia, nabaki mwalimu, na mshahara wangu, hata ukichelewa miezi mitatu, unabaki kuwa wangu. Nisipozitia, sijui. Sikutaka uwe hapa wakati wa kujua. Wewe umedhani nakufukuza. Juzi ulipokunja ile blanketi bila kuniangalia, nilikuona.

Nianzie mwanzo, kwa sababu kosa ni langu na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Mwaka ule walipotuchagua sisi walimu kwenda kuandikisha nyumba, nilifurahi. Nisiseme uongo, nilijiona. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, nikarudi shule ya masista wewe ukiwa mgongoni kwa mama yangu, na tangu wakati huo nilikuwa nikingoja mtu aniambie kwamba kusoma kule kulikuwa na kazi. Msimamizi alikuja kutoka mjini, Sitwayen Ilunga, yaani raia Ilunga, kama tunavyotakiwa kuitana siku hizi. Mtu mwembamba, Kiswahili chake cha Lubumbashi, soli ya kiatu kimoja imefungwa kwa waya. Alitukusanya katika darasa langu siku tatu na kutufundisha vitu ambavyo hakuna sista aliyewahi kunifundisha.

Alichora ubaoni. Alisema: chukueni nyumba zote za nchi, mzipange mstari, kuanzia ile yenye kidogo kabisa mpaka ile yenye vingi kuliko zote. Halafu tembeeni mkihesabu: nyumba za mwanzo zina sehemu gani ya mali yote, mkiongeza zinazofuata inafika wapi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kama kila nyumba ina sawa na mwenzake, mstari unapanda umenyooka, kama ubao ulioegemezwa ukutani. Kama hawako sawa, mstari unalegea kwenda chini, kama kamba ya nyavu iliyofungwa kwenye miti miwili, halafu mwishoni, kwenye wenye navyo, unapanda ghafla. Lile pengo katikati ya ubao na kamba, ndilo linalopimwa. Pakiwa hapana pengo kabisa unaandika sifuri. Mtu mmoja akiwa amechukua vyote, unaandika moja. Nchi zote za dunia ziko katikati ya sifuri na moja, na mtu aliyeketi ofisini mbali anaweza kuziweka mbili pembeni na kusema ipi imelegea zaidi.

Sikulala vizuri siku ile kwa furaha. Fikiria, mwanangu. Maisha yangu yote nimejua kwamba wengine wana na wengine hawana, lakini nilijua kama mtu anavyojua kwamba mgongo unauma. Sasa mtu ananionyesha mahali penyewe, na kuniambia panapimika.

Nikamwuliza tutalinganishwa na nani. Akasema, wa kwanza ni wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, kwa sababu wako karibu, na kwa sababu wanajisifu kwamba wao ndio wenye usawa.

Basi kikatolewa kitabu cha maagizo. Ukurasa wa pili ulisema: nyumba ni watu wanaokula pamoja. Sio wanaolala chini ya paa moja, sio wenye ukoo mmoja. Wanaokula pamoja. Naamini aliyeandika maneno hayo alikuwa amekaa kwenye meza yenye viti sita, mke upande huu, watoto upande ule.

Wewe umekulia hapa, huhitaji kuelezwa lubunga. Lakini kule uendako watakuuliza, na utaona kwamba si rahisi kueleza. Utasema ni kibanda kisicho na kuta ambamo wanaume wa ukoo wanakaa, na kila mke anapika kwenye jiko lake na kupeleka sahani huko, na wanaume wanakula sahani zote pamoja, za huyu na za yule, na wavulana wao pembeni. Na sisi bamama na wasichana tunakula kilichobaki jikoni, kila mmoja kwake. Watasema, aa, kumbe mnakula pamoja. Hapo ndipo nilipopotea mimi, nikiwa na diploma.

Nilifika lubunga yetu na daftari, mchana wa joto, nikiwa nimetoka kijiji cha Swima kwa miguu. Baba Mkubwa Etabo alikuwa ameketi mbele, kama siku zote, kifua wazi, anachokonoa meno.

"Hapa nani banakula pamoja?" nikauliza.

"We mwalimu, we muke wa hapa hapa, unauliza hivyo?" Akawaangalia wenzake. "Si unaona? Sisi bote. Tuko nyumba moja."

"Bote? Majiko yote kumi na tisa?"

"Bote. Andika nyumba moja. Na we mwenyewe ujiandike ndani, sahani yako ile pale, ya sombe yenye chumvi mingi."

Wakacheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Nikacheka na mimi. Nikaandika: nyumba moja.

Nikamwuliza nyumba hiyo inapata nini. Akaniambia samaki, muhogo, kidogo ya mawese. Etabo, unajua, ana mtumbwi mkubwa Kazimia na nyavu mbili, na watu wanaomvulia. Akanitazama machoni na kusema, "Mi niko mukulima tu." Hilo nalo nikaliandika. Kitabu hakikusema nibishane na mtu.

Karatasi moja. Nilijua, Mwayuma. Sitajificha nyuma ya joto wala nyuma ya kitabu. Nilijua jiko la Etabo linatoa moshi mara tatu kwa siku na jiko la Wabiwa mara moja. Lakini neno lilikuwa pale ukurasa wa pili, na mimi nimefundishwa na masista kufuata maneno ya ukurasa, na kuandika karatasi moja ni rahisi kuliko kumi na tisa. Hata sehemu ya mapato ya baba yako niliiruka. Ningeandika nini? Yuko Lulimba anachimba dhahabu mwaka wa nne huu. Akija analeta kitenge na malaria. Sijui anapata ngapi. Nadhani hata yeye hajui.

Siku mbili baadaye ndipo niliposikia ule mwiko wa Wabiwa. Nikaingia jikoni kwake nikijifanya naomba moto. Sufuria iliyokwanguliwa ilikuwa tupu; motoni, katika nyingine, maji yalikuwa yanachemka, peke yake. Pembeni, sahani ya bati imefunikwa na sahani nyingine, tayari kupelekwa lubunga.

"Mama, unapika nini?"

"Napika makelele," akasema. Hakuona haya. "Batu bakisikia kimya kwangu, batakuja kunihurumia. Huruma inachokesha, mwanangu. Batakaa hapa mpaka giza, na mi niko na usingizi."

Nikafunua sahani. Sombe, majani ya muhogo, kiasi cha kiganja, maji mengi.

"Na hii?"

"Hii inaenda kwa babwana. Jiko lenye halitumi sahani, linasemwa."

Nikamfuata kwa macho. Akaiweka sahani yake mwisho wa mstari, kama kawaida. Hakuna mwanamume aliyeifunua. Walikula za wengine. Walipomaliza, Etabo aliinua ile sahani ya bati, akapakia ndani yake mabonge mawili ya bukari na samaki wadogo wa ndagala kutoka sahani ya mke wake, akaifunika tena, akaita mtu airudishe. Hakusema neno. Nilikuwa nimepeleka sahani hapo miaka kumi na tatu bila kuona.

Kwa hiyo wakati Etabo aliponiambia "tuko nyumba moja" hakuwa anadanganya kabisa. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi ya uongo. Ndani ya ule ukarimu wa kufunikwa kulikuwa na kitu cha kweli. Lakini mezani kwa Sitwayen Ilunga karatasi yangu haikusema "mjane anayerudishiwa mabonge mawili." Ilisema kuna watu tisini hivi, wana samaki, muhogo na mawese, wagawanye. Na walipogawanya, kila mtu alipewa sehemu sawa ambayo hajawahi kuiona. Wabiwa alipewa kipande cha nyavu za Etabo kwenye karatasi. Etabo alipewa njaa kidogo ya Wabiwa. Kamba yote ya kwetu ilikazwa, ikanyooka karibu kama ubao, na mimi ndiye niliyeikaza, mimi na walimu wenzangu waliouliza swali lile lile kwenye lubunga nyingine.

Shangazi yako wakati huo aliandika kutoka Kigoma. Alivuka wakati wa vita, ukiwa mgongoni kwangu, hakurudi. Aliandika kwamba kwao pia wamepita watu wa kuhesabu, pamoja na balozi wa nyumba kumi, mlango kwa mlango, na kila mlango una namba, mpaka wa mjane, mpaka wa yule kichaa wa sokoni. Na kwamba waliulizwa wanapata pesa ngapi, wakati sisi tuliuliza watu wanakula na nani. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama. Kwao kila mjane anaonekana, mmoja mmoja, na kamba inalegea. Kwetu wajane wote wako ndani ya nyumba ya mtu fulani. Ukiziweka namba mbili hizo pembeni, unalinganisha nini? Sio mjane wao na mjane wetu.

Na ndivyo ilivyosomwa. Kwenye mkutano, pale uwanjani, wewe ulikuwa mstari wa mbele ukicheza na wenzako nyimbo za Chama, utakumbuka. Mkubwa mmoja kutoka Fizi alisoma kwamba kwetu watu wako sawa kuliko ng'ambo. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono ilijipiga yenyewe.

Ingekuwa imeishia hapo ningesema ni aibu yangu peke yangu. Lakini baadaye likaja tangazo: nyumba zisizo na kitu zitasamehewa mchango wa mwaka. Nyumba, kwa maana ya kitabu. Katika mtaa wetu hapakuwa na nyumba isiyo na kitu hata moja. Iliyokuwepo ilikuwa moja tu, na ilikuwa na mtumbwi Kazimia. Mchango wenyewe ulidaiwa kwa kila mtu mzima, na Wabiwa hakuwa na cha kulipa. Asiyelipa alikwenda kuvunja mawe kwenye barabara ya kupandia Fizi. Siku kumi, katika umri wake. Wewe ulimpelekea maji mara mbili na ukarudi unauliza kwa nini bibi anavunja mawe kama mfungwa. Nilikujibu kwamba ni kazi ya kujenga nchi. Ni mimi niliyekujibu hivyo, kwa mdomo huu. Nakuomba unisamehe kwa jibu hilo kuliko kwa kitu kingine chochote nilichowahi kukufanyia.

Alirudi na mkono wa kulia umevimba, na vidole viwili havikukunjika tena. Nilikwenda kumkanda kwa maji ya moto. Nikamwambia yote: kitabu, karatasi, kamba. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza, akachezesha vidole ndani ya beseni.

"Kwa hiyo mi na Etabo tuko sawa?"

"Kwenye karatasi."

"Basi siku zile kumi, Etabo alikuwa anavunja mawe upande gani? Mi sikumuona."

Akacheka. Alicheka hasa, mpaka machozi. Mimi sikuweza. Kisha akaniambia nisilie kwenye maji yake, yatapoa.

Tangu siku ile nimechoka, Mwayuma. Umeona, ukadhani ni wewe. Sio uchovu wa kulala ukaisha. Ni kama mtu aliyejifunza kusoma na sasa hawezi kuacha kusoma kila kitu, hata vibandiko vya mikebe ya samaki. Nikienda sokoni naona wauzaji wamepangwa mstari, kuanzia mwenye fungu moja la nyanya. Nikiingia darasani naona sare za buluu na kichwa kinaanza kuhesabu ni nani amekunywa chai. Sikuombei ugonjwa huu. Lakini wewe ni mtoto wangu na una macho yangu, nadhani utaupata.

Utakapofika Kigoma utaanza kulinganisha siku ya kwanza. Kila anayevuka anafanya hivyo. Utaona shule yenye madawati, utasema wao ni bora. Utakosa sabuni wiki mbili, utasema sisi ni bora. Wasichana wataangalia kitenge chako na kusema kwenu ni matajiri, kwenu kuna dhahabu. Mimi nilipokuwa na umri wako ningewajibu haraka. Sasa nisingejua la kusema. Dhahabu ipo, baba yako anaichimba, na mama yako anakopa chumvi. Zote mbili ni kweli za nchi moja, na hata za nyumba moja. Ukiulizwa kwenu kukoje, jaribu kujiuliza kimoyomoyo: kwetu kwa nani?

Na kwao vilevile. Watakuonyesha kijiji ambamo nyumba zote zina ukubwa sawa, mabati sawa, na shamba ni la wote. Usicheke, na usiamini yote. Kaa jikoni na mke mmoja, umsaidie kuchambua mboga, usiulize kitu. Baada ya mwezi utajua zaidi ya karatasi. Labda utakuta wako sawa kweli. Ningefurahi. Uniandikie.

Narudi kwenye karatasi. Mwezi uliopita Sitwayen Ilunga alirudi kwa duru ya pili. Soli sasa ni mpya. Safari hii tuliambiwa tusiende tena kwenye lubunga; orodha za zamani zinanakiliwa, tunabadilisha tarehe na idadi ya watoto, tunatia sahihi. Niliwangoja wenzangu watoke.

"Sitwayen," nikamwambia, "kipimo kile kilikuwa na kosa. Hapa watu banakula pamoja lakini hawapiki pamoja. Tuhesabu jiko kwa jiko."

Hakukasirika. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu.

"Tukibadilisha kipimo katikati," akasema, "hatuwezi tena kulinganisha mwaka huu na ule. Itaonekana watu bamekuwa masikini kwa mwaka moja."

"Bamekuwa masikini zamani. Tulikuwa hatujaandika."

"Najua."

"Na ng'ambo? Kule wanapima mlango kwa mlango. Tunalinganisha nini?"

"Tunalinganisha namba, sitwayene. Ile ndiyo kazi. Mi ningeweza kukubaliana na wewe mpaka asubuhi. Juu yangu kuna mtu, na juu yake kuna mtu." Akasimama, akapangusa suruali. Mlangoni akageuka. "Una mutoto moja, si ndiyo? Musichana. Anasoma hapa hapa?"

Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza hali. Inawezekana alitaka kunitisha. Inawezekana alitaka kunionya, kwa huruma. Kesho yake nilimwandikia shangazi yako.

Sasa unajua kwa nini unaondoka wiki moja kabla ya wakati.

Alikuwa na haki katika jambo moja, na sitaki ukue ukidhani mama yako alikuwa na akili kuliko yeye. Kipimo kinachobadilika kila mwaka hakipimi kitu. Na hata kuhesabu jiko kwa jiko hakutoshi. Nilipojaribu peke yangu, jioni baada ya shule, nikitembea na daftari la mazoezi, nilifika kwa Wabiwa na kuandika "hakuna." Nikaangalia neno lile. Halikuwa kweli pia. Lilifuta yale mabonge mawili, likamfuta Etabo akiinua ile sahani bila kusema kitu. Nikaanza upya. Nikachora sehemu mbili zaidi: kinachotoka jikoni, kinachorudi jikoni. Etabo alipoona nachora aliniuliza, kwa ukali, kama nataka kuwaaibisha bamama. Nikamjibu nataka kuandika na alichofanya yeye, kile cha kimya. Kisha akaniambia, akiangalia pembeni, "Basi andika na mtumbwi. Lakini andika mmoja." Nikamwambia, baba, ni mmoja tu ulio nao. Akasema, "Iko wa pili, kwa muke wa Swima." Hata yeye alicheka.

Jiko letu nimeliandika pia. Hatuko mwanzo wa mstari, Mwayuma. Tuko karibu na mwisho, upande wa wenye navyo, na mshahara wangu uliochelewa na vitenge vya baba yako. Ilinichukua muda kukubali. Miaka yote nimejihesabu pamoja na Wabiwa kwa sababu nalala nimechoka kama yeye. Uchovu si kipimo.

Kwenye sehemu ya baba yako nimeandika: haijulikani. Nadhani hilo ni neno la kweli kuliko yote niliyoandika.

Sina shauri kubwa la kukupa. Nilitaka kuwa nalo, nimekaa hapa tangu ulipomaliza kufunga mfuko nikilitafuta. Nina hili tu: siku moja utapewa kitabu chenye ukurasa wa pili. Kitaandikwa vizuri, na mtu aliyekiandika atakuwa amesoma kuliko wewe. Kabla hujaandika, nenda mahali ambapo sahani zinaoshwa. Mimi nilichelewa miaka miwili, na mtu mwingine alilipia kwa vidole vyake.

Usinichukie kwa sababu sikukuambia kwa mdomo. Nilijaribu, juzi wakati wa kukusuka, na nikaishia kukuvuta nywele.

Nimeandika hapo juu kwamba nilitakiwa kuzitia sahihi kabla ya wiki kwisha, na umesoma ukidhani bado ninafikiri. Nimeshamaliza kufikiri. Jumatatu, alfajiri, nilipanda gari la muhogo mpaka Fizi. Nilirudisha ile nakala moja ya zamani bila sahihi. Juu yake niliweka karatasi kumi na tisa, jiko kwa jiko, na chini ya kila moja nimeandika jina langu kamili na kazi yangu. Karani alizihesabu mara mbili, akaniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo, akapiga muhuri wa kupokea. Jana mwalimu mkuu alikuja nyumbani wewe ukiwa ziwani na wenzako. Hakukaa. Nilimpa ufunguo wa darasa kabla hajauomba.

Mama yako